Mfuko Mwekundu Kifuani

Simu ililia fundi akiwa amemzungushia mteja futi kiunoni. Alikuwa na pini tatu mdomoni, kwa hiyo hakuweza hata kusema haloo. Alibonyeza tu, akaibana simu kati ya sikio na bega, akaendelea kusoma namba za kwenye futi.

"Mama Kidoti," ilisema sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, akihema kama mtu aliyepanda ngazi mbio. "Njoo kituo cha afya. Njoo sasa hivi. Mtoto amekunywa uji wa jikoni."

Pini zilimtoka mdomoni zote kwa pamoja. Mteja alimuuliza kuna nini, lakini alikuwa akiuliza hewa. Fundi alishatoka, ameacha pasi ikiwaka, cherehani imekamata mkono wa gauni la mtu, mlango wazi. Baadaye ilisimuliwa mtaani kwamba ni mteja yule aliyezima pasi, akarudishia mlango, kisha akaenda zake nyumbani na futi bado inaning'inia kiunoni, kwa kuwa hakujua aiache wapi.

Uji wa jikoni. Mtu mwingine akiambiwa mwanawe amekunywa uji shuleni, hushukuru. Lakini uji wa shule ile ulitiwa karanga zilizosagwa, ili watoto wanenepe, na Kidoti alikuwa na mzio wa karanga. Wala si ule mzio wa kujikuna kidogo na kupakwa mafuta. Ni ule wa kuziba koo.

Waliujua akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, ile siku mjomba wake alipochovya kidole kwenye siagi ya karanga akamlambisha, mapenzi tu ya mjomba. Kufumba na kufumbua, uso wa mtoto ulivimba hadi kile kidoti cha shavuni, kilichompa jina, hakikuonekana tena. Daktari alisema neno moja ambalo fundi hajalisahau: chembe. Hata chembe, mama.

Tangu hapo nyumba ile iliishi kwa masharti. Mgeni akifika alioneshwa sabuni kabla ya kuoneshwa kiti. Baba Kidoti, ambaye kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu na ambaye zamani hakukosa karanga za kukaanga mfukoni, aliziacha kwa uchungu kuliko wengine wanavyoacha sigara. Ndugu walicheka. Walisema aleji ni ugonjwa wa watu wasio na shida za kutosha. Mama mkwe ndiye aliyezidi. "Sisi tulilishwa kila kitu," alisema siku moja, mbele za watu, "na tupo hapa."

"Waliokufa hawapo hapa kusema, mama," fundi alimjibu, na hawakusemezana wiki mbili.

Ndiyo, alikuwa na ulimi. Mzazi wa mtoto wa namna ile asipokuwa na ulimi atazika. Hapo simtetei mtu, nasema nilivyoona.

Kidoti alipoanza shule, fundi alipeleka barua, barua ikapotea. Akapeleka nyingine, ikabandikwa ukutani, ikafunikwa na ratiba ya mitihani. Walimu walihamishwa, wapishi walibadilishwa, na nyuso za watoto mia tatu waliovaa bluu zinafanana. Basi akafanya kama fundi anavyofanya akishindwa na maneno: alikaa kwenye cherehani. Alifumua mfuko wa kifuani wa sare ya mwanawe, ule wa bluu, akashona mwingine mwekundu, mwekundu wa kuumiza macho. Mwalimu mkuu mwenyewe alimsimamisha Kidoti mbele ya shule nzima akatangaza kwamba mwenye mfuko huu hapewi kitu chochote, kwa mkono wa mtu yeyote, hata kama analia. Anakula cha kwao. Na kwenye kabati la mwalimu wa darasa ikawekwa sindano ya dharura ndani ya kopo, na mwalimu akafundishwa kuichoma.

Mfuko ulifanya kazi mwaka mmoja na nusu. Fundi alikiamini kile kipande cha kitambaa kuliko alivyowaamini binadamu.

Na leo amekunywa uji.

Kituoni alimkuta kwenye kitanda cha kwanza, karibu na mlango, amefunikwa mdomo na pua kwa kifaa cha hewa. Macho yalikuwa mistari miwili. Midomo haikuwa midomo ya mtoto wake. Kifua kilipanda na kushuka kwa kasi, na kila pumzi ilitoa mluzi mwembamba. Sare ilikuwa imekatwa kwa mkasi kutoka shingoni hadi kwenye pindo. Imekatwa upogo, alifikiri. Kisha akashtuka kwamba amefikiri hivyo, saa kama ile, na akajichukia.

"Mwalimu alimchoma sindano mapema," alisema daktari, kijana aliyesema polepole makusudi. "Ndiyo iliyomuokoa. Tumemwongezea nyingine hapa. Pumzi inarudi, mama, sikiliza, mluzi unapungua. Lakini haondoki leo. Haya mambo huweza kurudi baada ya saa kadhaa, na nataka yakirudi yamkute hapa."

"Na kama mwalimu asingemchoma?"

Daktari alirekebisha mpira wa dripu ambao haukuwa na tatizo lolote.

Fundi alikaa na mwanawe mpaka mluzi ulipokwisha kabisa na mtoto akalala usingizi wa kawaida. Aliweka kiganja juu ya kile kifua, akahesabu pumzi mia, akahesabu mia nyingine. Ndipo akasimama, akavuta pazia, akatoka ukumbini. Hofu ilikuwa imempisha kidogo, na nafasi yake ilikaliwa na kitu kingine.

Ukumbini, kwenye benchi la mbao, walikuwa wamekaa watatu. Mwalimu wa darasa, kopo la sindano bado mkononi. Mwalimu mkuu, suti na kalamu. Na katikati yao mwanamke mnene kidogo mwenye aproni, unga kwenye viwiko, kilemba kimelala upande. Huyo alikuwa mpishi. Ana wiki tatu tu pale shuleni, na ndiye aliyembeba mtoto mgongoni kutoka shule hadi kituoni kwa miguu, kwa sababu hakuweza kusubiri gari.

Fundi hakuyajua hayo ya kubeba, na angeyajua yasingemzuia.

"Wewe!" alisema. "Wewe macho yako ni mapambo? Nyekundu huijui? Uliambiwa au hukuambiwa?"

"Niliambiwa, dada."

"Mimi si dada yako! Uliambiwa nini?"

"Mwenye mfuko mwekundu asipewe uji."

"Ukampa."

"Nilimpa." Mpishi alisema akitazama sakafu. "Uji wake wa nyumbani ulimwagika. Alikuja dirishani analia, na kikopo kitupu. Nikamwonea huruma."

"Huruma!" Fundi aligeuka kuwatazama wagonjwa waliokuwa wakisubiri, kama mtu anayetafuta mashahidi, na hao nao wakatoa macho. "Mmesikia? Mwanangu anaoneshwa kaburi kwa huruma!"

Baba Kidoti aliingia wakati huo, rangi nyeupe hadi kwenye nyusi, akapitiliza moja kwa moja nyuma ya pazia. Alipotoka alikuwa akijifuta macho kwa mkono wenye rangi. Alisimama tu karibu na mkewe.

Mwalimu mkuu alikohoa. "Wazazi wangu," alisema, "shule inasikitika kupita maelezo. Mimi nimeshaamua. Huyu mama hatakanyaga tena jikoni kwangu. Barua yake naiandika hapahapa." Na kweli alikwisha toa karatasi, ameiweka juu ya goti.

"Iandike," alisema fundi. "Na polisi nao waje na ya kwao."

Hapo mpishi akainua uso. Wala hakuwa na hasira. Alikuwa na ule mshangao wa mtu ambaye tangu asubuhi anajaribu kuelewa jambo na haliingii.

"Mama," alisema, "niache nikuulize kitu kimoja, halafu mnifanye mtakavyo. Kwa nini siku nyingine zote hakuumwa?"

"Siku nyingine zipi?"

"Si anakunywa uji kila siku?"

Wagonjwa wote waligeuza shingo. Hata mtoto mchanga wa benchi la pili, aliyekuwa akilia muda wote, alipata kitu cha kunyonya.

"Nisikilizeni," alisema mpishi. "Lile dirisha langu la kugawia liko chini. Nikiwa ndani nachota, sioni uso wa mtoto, naona bakuli, naona mikono, naona kifua. Wiki ya kwanza, mwenye mfuko mwekundu hakutokea hata siku moja. Wiki ya pili, nikachota, nikachota, nikashtukia bakuli linaondoka na mfuko mwekundu. Roho ikaniruka! Niliacha upawa ndani ya sufuria nikatoka mbio. Nikamkuta amekaa ukutani na wenzake, bakuli limebaki nusu. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Nikamtazama. Nikasema sasa hivi ataanguka. Hakuanguka. Hakukohoa, hakujikuna, akalamba bakuli akaenda kucheza. Kesho yake akaja tena. Nilimnyima, akalia, akasema jana ulinipa. Ni kweli nilimpa. Nikampa kidogo. Kitu hakuna. Basi nikasema labda amepona, au labda ni wazazi wa siku hizi, wanatia chumvi. Mnisamehe. Nilisema hivyo. Leo alipokuja analia na kikopo chake, nikasema si yuleyule?"

"Mwongo," alisema fundi, lakini sauti yake ilishuka. "Mwanangu hajawahi kunywa uji wako. Angekunywa angekufa."

"Nilimwona kwa macho yangu haya."

"Ulimwona usoni?"

"Uso niliuona siku ile moja tu, mama, na mimi mgeni, nyuso zote kwangu zinafanana. Niliujua mfuko. Mfuko mwekundu, umefifia fifia, na kwenye kona ya chini una doa la wino."

Fundi aligeuka kulitazama pazia.

Sare aliyovaa Kidoti leo, ile iliyokatwa na mkasi, ilikuwa na wiki tatu tangu itoke kwenye cherehani. Mfuko wake haukuwa umefuliwa hata mara nne. Haukuwa na doa. Mfuko wenye doa la wino ulikuwa kwenye sare ya zamani, ile iliyokuwa imembana kwapani, na doa lile fundi alilisugua kwa ndimu, kwa chumvi, kwa sabuni ya kipande, likakataa kutoka. Angeweza kulichora akiwa amefumba macho.

Na sare ile hakuitupa. Fundi gani anayetupa nguo nzima? Aliigawa.

Alimpa mama mmoja aliyehamia mtaani kwao mwezi uliopita na binti wa chekechea, aliyeambiwa na shule kwamba mtoto haingii bila sare. Mama yule alisimama mlangoni kwa fundi akiwa hana mbele wala nyuma, na fundi, pamoja na ule ulimi wake, aliingiwa na huruma. Alitoa sare ya Kidoti sandukuni. Akapandisha pindo. Akabadilisha vifungo viwili. Akafumua jina la Kidoti kwenye ukosi, uzi kwa uzi. Kisha akashika wembe ili afumue mfuko.

Aliyakumbuka yote sasa, amesimama ukumbini, vidole vinafumua uzi usiokuwepo. Alikata nyuzi za pembe ya juu. Akainua kitambaa akachungulia chini yake. Sare nzima ilikuwa imepauka kwa jua na kufuliwa, lakini pale chini ya mfuko bluu ilikuwa bado mbichi, kali, kama siku ilipotoka dukani. Akiutoa mfuko, kifua cha mtoto wa watu kitabaki na mraba wa rangi nyingine, na kila atakayeiona atajua kuwa ni nguo ya kupewa. Kazi mbaya. Kazi yake haikuwahi kutoka mlangoni ikiwa mbaya hivyo. Na mfuko wa bluu iliyopauka sawasawa hakuwa nao. Alifikiri sekunde moja, labda mbili. Akajiambia yule ni mtoto wa chekechea, huyu wa darasa la kwanza, nani atawachanganya? Akashona upya ile pembe. Akapiga pasi.

Tena aliipenda kazi yake. Hilo nalo alilikumbuka.

"Mama Kidoti?" Mumewe alimshika mkono. "Una nini? Daktari! Njoo umwone na huyu!"

"Sina kitu." Alikaa kwenye benchi, palepale ubavuni kwa mpishi. "Mwalimu, acha kuandika."

Mwalimu mkuu aliinua kalamu.

"Wako wawili," alisema fundi. "Kuna mtoto mwingine shuleni mwenye mfuko mwekundu. Wa chekechea. Hana ugonjwa wowote. Ndiye anayekunywa uji kila siku."

"Amepata wapi mfuko?" aliuliza mwalimu wa darasa. Kisha, polepole: "Ni kweli. Nimemwona yule mtoto. Mimi nilidhani ni urembo tu, mama yake kaiga."

"Hakuiga. Nimempa mimi. Sare ya Kidoti ya zamani, nimeigawa na mfuko wake."

Baba Kidoti aliuachia mkono wa mkewe, si kwa nguvu, uliteleza tu.

"Uliuacha mfuko?" aliuliza. "Wewe?"

"Niliuacha."

"Wewe uliyeninusa mikono miaka mitano kila nikirudi kazini?"

"Mimi."

Kama angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alimtazama mkewe jinsi mtu anavyotazama ngazi iliyovunjika wakati yuko juu yake, kisha akaenda kusimama dirishani, akawapa mgongo wote.

Mpishi ndiye aliyeanza kulia. Alilia kwa kwikwi, aproni usoni, na ilikuwa vigumu kujua kama ni kwa kuondolewa mzigo au kwa kuona umehamia wapi. Fundi alitaka kumwomba radhi. Maneno aliyoyatoa nusu saa iliyopita bado yalikuwa ukumbini, kila aliyesubiri pale aliyasikia. Alinyoosha mkono, akakinyoosha kile kilemba kilicholala upande. Mpishi alimwacha.

"Mama mtoto," muuguzi aliita kutoka nyuma ya pazia. "Ameamka. Anakuulizia."

Kidoti alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili. Uvimbe ulikuwa unashuka na kile kidoti cha shavuni kimerudi mahali pake. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, kama ya bibi kizee, na katika siku nyingine wangecheka.

"Mama, wamekata sare yangu."

"Nitashona nyingine."

"Uji wangu ulimwagika. Kuna mtu alinisukuma, si makusudi."

"Najua, mwanangu. Usiongee sana."

"Nilimwonyesha mpishi mfuko," alisema Kidoti. Alitaka hili lijulikane. "Nilimwonyesha hivi." Akagusa kifua chake kitupu. "Akasema, si kila siku unakunywa? Nikajua anamsema yule mdogo. Mwenye mfuko wangu."

Fundi aliinama karibu yake. "Ulijua ni wako?"

"Una doa langu la wino." Mtoto alimtazama kwa mshangao kidogo, kana kwamba mama yake anauliza jambo ambalo kila mtu analijua. "Nilimwona anakunywa uji. Kila siku anakunywa. Nikasema, kumbe mama amesharuhusu."

Nje, kwenye ukumbi, mtu aliitwa namba yake. Fundi aliikamata shuka kwa mikono yote miwili. Miaka mitano alikuwa amejiandaa kwa kila adui: mjomba, mama mkwe, wapishi, barua zinazopotea. Na mtoto hakumwamini hata mmoja wao. Alimwamini yeye, akapokea uji.

"Sikuruhusu," alisema. "Sijaruhusu, Kidoti. Hujapona. Mimi ndiye niliyekosea."

"Kwa nini ulimwachia mfuko?"

Angeweza kusema alisahau. Watu husahau, na mtoto angeridhika. Lakini siku hii alikuwa amebakiwa na kitu kimoja cha kumpa mwanawe.

"Niliona nikiutoa," alisema, "kitambaa cha chini yake kitaonekana kibaya. Rangi yake haikufanana."

Kidoti alifikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri, hata na ule mpira wa dripu mkononi.

"Kibaya kiasi gani?" aliuliza.

Mama yake alifungua kiganja, akachora juu yake mraba mdogo wa mfuko, akamwonyesha.